MALI GHAFI YA MIILI YETU

Ndugu wanachama,

Wako wenzetu waulizao: Chama cha watu wa reli kina shughuli gani na uchunguzi wa saratani? Si kazi ya madaktari? Twajibu: miili inayochunguzwa ni yetu, na kodi ni yetu.

Sisi twaijua biashara ya zamani. Pamba iliteremka kwa reli kutoka Uganda mpaka Kilindini ikiwa ghafi, ikapakiwa melini, ikarudi kitambaa kwa bei ya juu. Elimu ya saratani ilipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1958 Dakta Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe uotao katika mataya ya watoto. Vipande vya uvimbe vikapelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 wachunguzi wa huko wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake, cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Kirusi kikaitwa Epstein-Barr, ugonjwa ukaitwa Burkitt. Watoto hawakuitwa kitu. Hatuwalaumu mabwana hao, kazi yao ilikuwa njema. Lakini mbona vipande vilisafiri, maabara isisafiri?

Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago kwa msaada wa Marekani, na watoto wengi wakapona. Mwaka 1972, wakati wa Amin, Wamarekani wakaondoka. Dakta Charles Olweny, mwana wa Uganda, akaishika kazi katika shida kubwa. Mgeni huja, mgeni huondoka. Mwenyeji ndiye abakiye na ugonjwa. Hata mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Mulago, moja tu kwa nchi nzima, iliharibika, na Uganda ikakaa zaidi ya mwaka bila nyingine.

Fundi yeyote wa karakana atawaambia: injini moja bila vipuri wala wanafunzi wa kazi si reli. Tena reli yetu ilikuwa moja kwa nchi tatu mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na hasara yake twaijua. Jumuiya ya sasa imeiweka Mulago kuwa chuo cha saratani cha Afrika Mashariki, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika wa mwaka 2014. Vema. Lakini mkopo hujenga nyumba, haulipi mishahara milele.

Na jambo hili latugusa kifuani. Mwaka 2012 wachunguzi wa kimataifa wa Lyon, Ufaransa, walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani ya mapafu. Miongoni mwa waliohesabiwa katika ushahidi ule ni watu wa reli wa Marekani. Nasi twataka kuhesabiwa: wa dizeli, na wazee waliofunga asbesto katika injini za moshi.

Kwa hiyo twadai:

1. Serikali za Jumuiya zitenge fungu la uchunguzi kila mwaka, si kungoja mfadhili.

2. Kila mgonjwa wa saratani wa Pwani aandikwe daftarini pamoja na kazi aliyoifanya, na karani wa daftari awe na ajira ya kudumu.

3. Kipande cha mwili kisivuke bahari pasipo mchunguzi wetu kushiriki kazi hiyo na jina lake kuandikwa.

Behewa lisiloandikwa hupotea. Na mtu je? Njooni mkutanoni mseme.

Umoja ni nguvu.

Sisi wafanyakazi wa reli,
Bondeni, Mombasa