Tuta Pekee Halitoshi: Uliza Kabla ya Kusaini



Kila masika hadithi ni ile ile. Mto Kuja unavunja kingo Nyatike, Sondu-Miriu inaingia mashambani Osodo, watu wanabeba magodoro kwenda kulala shuleni. Maji yakishuka zinakuja ahadi: tuta, kuchimba mto, kupanda miti, kuhamisha watu. Tunapiga makofi, tunasaini karatasi ya mahudhurio, tunarudi nyumbani.

Hapo ndipo tunapokosea. Si kila mradi unaoitwa wa kuzuia mafuriko huyazuia. Ukiitwa kwa kikao cha maoni, uliza haya manne.

Moja, tope linatoka wapi? Kuja inaanzia nyanda za juu za Kisii na Nyamira, ambako inaitwa Gucha. Udongo unaooshwa huko ndio unaojaza mto huku chini. Ukichimba mdomo wa mto na mashamba ya juu yabaki wazi, tope litarudi. Migori peke yake haiwezi. Lazima kaunti hizi zikae meza moja.

Mbili, shida ni mto au ni ziwa? Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964. Ziwa likijaa, mto hukosa pa kumwaga, maji yanarudi vijijini. Tuta lisilo na milango ya kutolea maji litanasa hata mvua iliyonyesha ndani.

Tatu, nani analindwa na nani anasukumiwa maji? Tuta la upande mmoja linaweza kuwafurisha wa ng'ambo. Dai ramani uione.

Nne, nani atalitunza? Ng'ombe wanalikanyaga, fuko wanalichimba, mvua inalila. Tuta likipasuka, maji huja kwa kishindo, na watu walikuwa wamelala wakijua wako salama. Bajeti yenye pesa ya kujenga bila ya kukarabati inatuletea hatari mpya.

Halafu linganisha na mambo ya bei nafuu: tahadhari kwa simu na kwa vipaza sauti vya misikiti na makanisa, njia ya kukimbilia inayojulikana na kila mtoto, vyoo vilivyoinuliwa ili kipindupindu kisifuate mafuriko. Haya hayana utepe wa kukatwa na mheshimiwa, lakini yanaokoa roho.

Waislamu huku ni wachache, na wachache wakinyamaza wanasahaulika. Lakini maji hayaulizi dini. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kupata taarifa na kutoa maoni. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Usingoje siku hiyo. Wiki hii nenda ofisi ya wadi, omba nakala, msome na jirani yako, hata kama hamswali pamoja. Kisha ingieni kikaoni na maswali yenu manne.