Usiisugue Mark ya Kaiser

Mwandishi mmoja anadai kwamba sarafu ya fedha ya Kijerumani isiyong'aa haifai kuhifadhiwa, basi isuguliwe kwa magadi. Tena kwamba ukongwe ndio bei.

Ukongwe gani? Sarafu za Mark 1 za Dola ya Ujerumani, iliyotawaliwa na Kaiser (mfalme mkuu), zilitolewa kwa mamilioni kuanzia 1873 hadi 1916. Bei hufuata uchache wa mwaka na herufi ya kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg.

Hilo la magadi ni uharibifu mtupu. Magadi hukwaruza fedha na kufuta mng'ao wa kiwandani, usiorudi tena. Wajerumani hupima uchakavu kwa madaraja yanayopanda: sehr schön (nzuri sana), vorzüglich (bora), Stempelglanz (mng'ao wa kiwandani). Hakuna daraja linalopandishwa kwa kusugua! Mwenye fungu dogo atafute sarafu ya sehr schön isiyosuguliwa, yenye gramu 5 za fedha halisi, na aiache na weusi wake.