Rwanda na Burundi: Mpaka Uliozaa Wakimbizi

Tarehe 11 Januari 2024 serikali ya Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Sababu iliyotolewa ni shambulio la Vugizo, karibu na mpaka wa Kongo, la tarehe 22 Desemba 2023, ambalo kwa maelezo ya serikali hiyo liliua watu 20. RED-Tabara, kundi la waasi wa Burundi, lilikiri kushambulia. Bujumbura ikasema Kigali ndiyo inayowalea, Kigali ikakana. Huku kwetu Kasanda, mkoani Kigoma, habari hiyo ilipokelewa kwa maneno mepesi mno: ni mambo yao, kila mtu abaki kwake, wakiachana watapumua.

Wameachana tangu 1962 na hawajapumua. Mgawanyo wa Ruanda-Urundi kuwa nchi mbili haukumaliza uhasama hata mmoja uliokuwepo. Uliupa kila upande jeshi, bendera na mahali pa kuwahifadhi maadui wa mwenzake. Anayeshangilia mpaka kufungwa anashangilia kosa lilelile likirudiwa, na gharama yake tunailipa sisi wa Kibondo, Kakonko na Kasulu.

Tukumbushane yalivyokuwa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Buha (eneo letu hili la Waha), Ruanda na Urundi zote zilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani. Wabelgiji waliziteka mwaka 1916. Buha ikakabidhiwa Waingereza mwaka 1921, na hizo mbili zikabaki kwa Ubelgiji zikiwa eneo moja la udhamini, makao makuu yakiwa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Umoja wa Mataifa ulitaka eneo hilo lipate uhuru likiwa nchi moja. Februari 1962 uliunda tume chini ya Max Dorsinville wa Haiti, na Aprili viongozi wa pande zote wakaketi Addis Ababa. Muungano wa kisiasa waliukataa. Walichokubali ni ushirika wa uchumi tu, wenye sarafu moja na forodha moja. Tarehe 1 Julai 1962 zikazaliwa nchi mbili.

Wapo wanaotetea uamuzi ule. Wanasema Rwanda na Burundi zilikuwa falme mbili kwa karne nyingi kabla Mzungu hajafika, jambo ambalo ni kweli. Wanasema Rwanda ya Rais Kayibanda ilikuwa imeshamwondoa mfalme wake, ilhali Burundi ilikuwa bado chini ya Mwami Mwambutsa, kwa hiyo ndoa isingefungika. Nalo ni kweli. Kuhusu mwaka 2024 wanasema kila nchi ina haki ya kulinda usalama wake. Nani abishe? Ila hoja hizo zinaeleza kwa nini waligawana. Hazisemi walichogawana, na hapo ndipo penye shauri lenyewe.

Mchukue mtu aliyekimbia machafuko ya Ruanda ya Novemba 1959 akavuka mto Akanyaru kuingia Urundi. Kisheria alikuwa bado yumo ndani ya eneo lilelile, chini ya gavana yuleyule, Jean-Paul Harroy. Shamba lake lililochukuliwa, pamoja na usalama wa wanawe, vilikuwa mashtaka ya kupeleka kwa mamlaka moja. Usiku wa Juni 30, 1962 alilala akiwa na madai kwa serikali iliyomtawala. Kulipokucha alikuwa mkimbizi katika nchi ya kigeni, na madai yake hayana mwenyewe. Serikali aliyoikimbia ilisema ameshatoka, iliyompokea ikasema si wake. Kila moja ikaona faida katika kutolijibu swali lake. Aliyefukuzwa huku akawa silaha kule.

Matokeo hayakuchelewa. Tarehe 21 Desemba 1963 wapiganaji Watutsi wa Rwanda waliokuwa wakimbizi Burundi walivamia Bugesera, nchini Rwanda. Kigali ilijibu kwa kuwalipizia Watutsi waliobaki nchini, na maelfu wakauawa. Mwaka 1964 ule ushirika wa uchumi wa Addis Ababa ukavunjika na kila nchi ikawa na sarafu yake. Kutoka Bugesera hadi Vugizo ni miaka 60 na siku moja. Anayeshutumu amekuwa anayeshutumiwa, lakini shutuma ni ileile: jirani anawalea wanaokuja kutuua.

Katikati ya tarehe hizo mbili mtambo haukusimama. Mwaka 1972 jeshi la Rais Micombero liliwaua Wahutu wa Burundi kwa maelfu. Walionusurika wakakimbilia Rwanda, Zaire na Tanzania. Mwaka uliofuata Watutsi wa Rwanda wakafukuzwa shuleni na kazini. Oktoba 1993 Rais Ndadaye akauawa mjini Bujumbura, na wimbi jipya la Warundi likamiminika Rwanda. Miongoni mwao wapo walioshiriki mauaji ya kimbari ya mwaka uliofuata. Tarehe 6 Aprili 1994 marais wa nchi hizo mbili, Habyarimana na Ntaryamira, walikufa ndani ya ndege moja. Kama kutengana kungekuwa kinga, damu ya Bujumbura isingefika Kigali wala ya Kigali isingefika Bujumbura. Imefika kila mara.

Na kila mara bili imeletwa Tanzania. Katumba, Ulyankulu, Mishamo, Mtabila, Kanembwa, Nduta, Mtendeli, Nyarugusu: hayo ni majina ya makazi na kambi ambazo hakuna Muha, Mnyamwezi wala Mbende aliyeulizwa kule Addis Ababa. Ndugu wawili wakigombana, jirani ndiye analala na watoto wao. Mwaka 2014 taifa hili liliwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000 wa wimbi la 1972, jambo la heshima kubwa. Mwaka 2015, Rais Nkurunziza wa Burundi alipong'ang'ania muhula wa tatu, foleni ikaanza upya. Mtendeli, iliyofunguliwa tena kwa ajili ya wimbi hilo, ilifungwa 2021 na watu wake wakahamishiwa Nduta. Kufunga kambi tunajua. Kuziba chanzo ndiko hatutaki kukugusa.

Hapa uvumilivu unanitoka. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, miaka 45 kamili baada ya kutengana. Tarehe 1 Julai 2010 Soko la Pamoja likaanza, na ndani yake haki ya raia kusafiri kati ya nchi wanachama. Kisha mwanachama mmoja anamfungia mwenzake mpaka, na anayetaka kutoka Kayanza kwenda Butare, mwendo wa saa chache, anatakiwa azunguke kupitia Ngara, huku Tanzania! Jumuiya inayotazama hilo kama ugomvi wa wapangaji wawili, inafanyia nini mikutano yake Arusha?

Siombi nchi hizo ziungane tena; saa hiyo ilipita 1962. Ninachodai ni kwamba suala la mkimbizi, uraia wake na ardhi aliyoiacha litolewe mikononi mwa serikali mbili zilizoshindwa kwa miongo sita na kuwekwa mbele ya Jumuiya nzima. Tanzania ilipeleke, kwa sababu hakuna mwanachama mwingine aliyelipa kama sisi. Wabunge wa Buyungu, Muhambwe na Kasulu wasisubiri wimbi lingine ndipo waamke kudai magodoro na mahindi ya msaada. Mpaka wa Rwanda na Burundi ni suala la jimbo lao, na wapiga kura wa Kasanda wana haki ya kuwauliza wamelifanyia nini.