Kasi Isiwe Kisingizio

Nimechoka kuwasikia waandishi wenzangu wa programu wakisema, "Tukiweka faragha, mfumo utakuwa polepole." Nami niliwahi kusema hivyo, tena kwa kujigamba. Leo najipinga mwenyewe.

Kwa wasiojua: katika mifumo ya kuchapisha na kujiandikisha, mtumaji hamjui mpokeaji. Humpa ujumbe seva ya kati, tumwite dalali, akitaja mada. Dalali huwapelekea wote waliojiandikisha kwa mada hiyo. MQTT, iliyobuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, hufanya kazi hivyo.

Miaka michache iliyopita niliunda mfumo wa kupeleka majibu ya maabara. Yaliyomo niliyasimba, nikajipongeza. Siku moja nikajiandikisha kwa alama ya #, yaani "nipe mada zote". Lahaula! Mada zilipita wazi: maabara/vvu/, kisha namba ya simu ya mgonjwa. Barua nimeifunga vizuri, siri nimeiandika juu ya bahasha! Na dalali hakuniuliza hata nywila.

Kujirekebisha kungenigharimu nini? TLS hula muda hasa mwanzoni, pande mbili zinapokubaliana funguo. Muunganisho wa MQTT huweza kukaa wazi saa nyingi, kwa hivyo gharama hiyo hulipwa mara moja. Na mada ingeweza kuwa herufi za kubahatisha tu. Dalali huzilinganisha, hahitaji kuzielewa. Ataona bado nani alipokea na saa ngapi, lakini si ugonjwa gani.

Nakubali, kuna mahali kasi na faragha hugombana kweli: pale dalali anapochagua wapokeaji kwa kusoma yaliyomo, mfano "nitumie maagizo yanayozidi shilingi 5,000". Kulinganisha data iliyosimbwa bila kuifungua kunawezekana, ila ni mwendo wa kobe. Basi usimpe dalali kazi hiyo. Mwachie mada pana, simu ya mpokeaji ichuje yenyewe. Bando litaliwa zaidi; hiyo ndiyo bei halisi, tujadili hiyo.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ikafuata 2019. Mgonjwa hajali kama jibu lilichukua milisekunde 40 au 60. Anajali ni nani mwingine aliyelisoma.

Anayebisha na aje na vipimo, si hofu.