Unauliza Maharimu Wake Yuko Wapi? Maharimu ni Wewe

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu yangu unayenifuata hapa, leo sina maneno laini. Leo nazungumza na wewe mwanamume mwenye kidole chepesi kwenye komenti. Dada zetu mkae msikilize, na neno lenu ninalo huko chini, lakini bakora ya leo ni ya wanaume.

Mchukulie binti wa Kiislamu wa miaka 23. Kwao Tanga. Amemaliza chuo, anashika hesabu za duka la jumla, jioni anaoka keki za kuuza. Anapenda mpira kuliko kaka zake, anasoma vitabu vya historia, na akipata siku tatu za mapumziko anafunga begi. Ameshafika Bagamoyo akayaona magofu ya Kaole. Amepanda boti kwenda Unguja. Amefika hadi Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331, akapiga picha mbele ya msikiti wa kale, kajisitiri vizuri, mtandio wake kichwani. Chini ya picha ameandika mipango yake: mwakani Lamu, baada ya hapo Istanbul akaione misikiti ya Waturuki, na kabla hajatimiza miaka 30 aende umra, aswali Madina.

Basi. Hicho ndicho alichoandika.

Wewe ukaja. Komenti yako ya kwanza: "Maharimu wako yuko wapi?" Hujajibiwa hata dakika tano, ukaongeza ya pili: "Na nani anakulipia hizo safari? Hakuna cha bure dunia hii." Ukaweka na kikatuni cha kucheka. Wakaja wenzako kumi nyuma yako.

Tuanze na hiyo ya pili, maana ndiyo nzito.

Ndugu yangu, ulichoandika si swali. Kila aliyesoma ameelewa ulichokusudia, na wewe unajua wameelewa, ndiyo maana ukacheka. Umemsingizia mwanamke wa Kiislamu uchafu mbele ya watu. Fungua Sura An-Nur, aya ya 4. Mwenye kuwatuhumu wanawake waliohifadhika kisha asilete mashahidi wanne, hukumu yake ni bakora 80, na ushahidi wake haukubaliwi tena, na Allah amemwita fasiki. Mashahidi wanne! Wewe ushahidi wako ni picha ya magofu ya Kilwa.

Utaniambia, "Ustadhi, mimi sikutaja zinaa, nimeuliza tu." Najua utasema hivyo. Imam Malik yeye fumbo linaloeleweka alilihesabu sawa na kutamka wazi, na akaona adhabu inampata mwenye kulisema. Maimamu wengine hawakufika huko katika adhabu. Lakini nitafutie mmoja tu kati yao aliyesema kumpiga fumbo mwanamke wa watu ni halali. Humpati. Na hapo bado hatujagusa Sura Al-Hujurat, aya ya 12, ambako dhana mbaya, kupeleleza na kusengenya vimekatazwa pamoja katika aya moja. Wewe umevikusanya vyote vitatu katika komenti ya mstari mmoja.

Sasa nikukumbushe kisa unachokijua, ila hukuwahi kukisoma kama kisa cha safari.

Mtume (s.a.w.) alipokuwa akitaka kusafiri alipiga kura baina ya wakeze, na yule ambaye kura yake imetoka ndiye aliyefuatana naye. Katika safari ya Banu Mustaliq kura ikamtoka Bibi Aisha (r.a.), naye ni binti mdogo wa umri. Wakati wa kurudi, usiku, akatoka kwenda haja, mkufu wake ukakatika, akarudi nyuma kuutafuta. Wale wanaobeba hodaji yake wakaipandisha juu ya ngamia wakidhani yumo ndani, kwa wepesi wake. Aliporudi hakukuta mtu. Akakaa palepale, usingizi ukamchukua. Safwan bin Muattal aliyekuwa nyuma ya jeshi akamkuta, akampigisha ngamia magoti, akampandisha, akashika hatamu akaongoza kwa miguu hadi wakalifikia jeshi mchana wa jua kali. Hakumsemesha neno zaidi ya kusema inna lillahi alipomuona.

Na watu wakaona nini? Wakamuona binti anarudi safarini na mwanamume asiye wake. Hiyo ndiyo "picha" yao. Abdullah bin Ubayy, kichwa cha wanafiki, picha hiyo ilimtosha. Mji mzima wa Madina ukachafuka takriban mwezi, na nyumba iliyokuwa inaumia ni nyumba ya Mtume (s.a.w.). Mpaka ukashuka wahyi kumsafisha, kuanzia aya ya 11 ya sura hiyo hiyo An-Nur, na ndani yake Allah akawalaumu waumini kwa nini waliposikia hawakudhaniana kheri.

Wapo waliofaulu mtihani ule. Bibi Zainab bint Jahsh alikuwa mke mwenza, na ndiye aliyekuwa akishindana na Aisha kwa nafasi yake kwa Mtume. Alipoulizwa akasema analinda masikio yake na macho yake, hajui kwa Aisha ila kheri. Mke mwenza, ndugu yangu! Wewe huyo binti wa Tanga hata humjui, hamgombanii chochote, na umeshindwa alichokiweza mke mwenza.

Na usidhani safari za Bibi Aisha zilikuwa za machungu tu. Kuna safari Mtume (s.a.w.) aliwaambia watu watangulie, kisha akashindana naye mbio, na Aisha akashinda. Safari nyingine baadaye wakashindana tena, Mtume akashinda, akacheka akamwambia hii ni kwa ile. Safari nyingine mkufu wake ulipotea, na Mtume akalisimamisha jeshi zima ili utafutwe, mahali hapana maji. Baba yake, Abubakar (r.a.), akaja kumkaripia kwa kuwachelewesha watu. Katika kisimamo kile ndipo ikashuka aya ya tayammamu, na mkufu ukaonekana chini ya ngamia wake mwenyewe. Mimi hilo la mkufu hulifikiria sana. Leo binti akichelewesha gari dakika tano kwa sababu amesahau chaja, tunamtukana njia nzima.

Haya. Turudi kwenye komenti yako ya kwanza, ya maharimu. Hiyo ina asili, na mimi sitaificha ili niwafurahishe watu. Bukhari na Muslim wamepokea hadithi zinazomkataza mwanamke kusafiri bila maharimu wake. Wanazuoni wakatofautiana katika mipaka yake. Kwa hija ya faradhi, Imam Shafii na Imam Malik walikubali mwanamke atoke na kundi la wanawake waaminifu, na Abu Hanifa na Ahmad wakashikilia awepo maharimu. Khalifa Umar (r.a.) katika hija yake ya mwisho aliwaruhusu wake za Mtume kuhiji, akawapeleka pamoja na Uthman bin Affan na Abdurrahman bin Auf. Safari za matembezi, wengi wa wanazuoni wetu wa Kishafii hawakuzifungulia mlango huo wa kundi la wanawake, ingawa wapo ndani ya madhehebu waliopanua. Wapo pia wanazuoni wa leo wanaotazama usalama wa njia, wakitumia hadithi ya Adiy bin Hatim ambayo Mtume alimpa habari ya mwanamke atakayesafiri kutoka Hira hadi Kaaba bila kumuogopa yeyote ila Allah. Mimi nasimama na wengi: safari ya matembezi, toka na maharimu wako. Hilo ndilo ninalofundisha darsani na sijalibadilisha.

Lakini sasa nisikilize wewe uliyeuliza. Maharimu ni nani? Ni baba. Ni kaka. Ni mjomba, ni ami. Ni wewe!

Ipo hadithi ya Ibn Abbas ambayo mnaikatia katikati. Mtume (s.a.w.) alipokataza mwanamke kusafiri bila maharimu, alisimama mtu akasema mkewe ametoka kwenda kuhiji, na yeye jina lake limeandikwa katika jeshi la vita fulani. Mtume akamjibu nini? Hakusema mrudishe mkeo nyumbani. Alimwambia aende akahiji pamoja na mkewe. Mtu ameandikishwa jihadi, anatolewa jeshini akamsindikize mwanamke! Na wewe unashindwa kutolewa kijiweni. Dada yako amekuomba mara ngapi umpeleke Unguja? Ulimwambia huna muda, ukaenda kuangalia mechi.

Katika hadithi ile amri ilimwangukia mwanamume. Sisi tumeigeuza ikawa mzigo wa binti peke yake, tena mzigo wa kumpigia.

Angalia waliotutangulia. Saad al-Khair alikuwa mtu wa Valencia, Andalusi, msafiri aliyefika hadi China. Binti yake Fatima alimpeleka akasikilize hadithi kwa Fatima al-Juzdaniyya, mwanamke mwanazuoni mkubwa wa zama zake, kisha akamsomesha Baghdad. Binti akaolewa, akahamia Damascus na mumewe, kisha Misri, akawa yeye ndiye anayesomesha, hadi alipofariki Cairo mwaka 600 Hijria. Yule ni baba aliyejua maana ya kuwa maharimu. Na Ummu Haram, alipomsikia Mtume (s.a.w.) akieleza ndoto ya watu wa umma wake watakaopanda bahari, alimwomba amuombee awe miongoni mwao, na Mtume akamuombea. Naye akaipanda bahari kwenda Cyprus zama za Khalifa Uthman, pamoja na mumewe Ubada bin Samit, akaanguka kutoka juu ya mnyama wake alipotua huko, akafariki. Mwanamke alikuwa na nia ya safari, akaombewa dua. Binti wa Tanga ameandika nia yake ya umra, kapata kikatuni cha kucheka.

Na kuna jambo linalonichoma kuliko yote.

Mabinti zetu wa Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi wanapandishwa ndege kwenda Oman, Saudia na Falme za Kiarabu kufanya kazi za ndani. Miaka miwili. Peke yao. Wakala anamkabidhi uwanja wa ndege, mwajiri anampokea upande wa pili, viza yake imefungwa kwa mwajiri huyo, na wengine pasipoti zao zinachukuliwa siku hiyo hiyo. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima juu ya mabinti wa Tanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu: mishahara iliyozuiwa, vipigo, kunajisiwa. Huyu analala nyumba ya mwanamume asiye maharimu wake siku mia saba na zaidi. Je, ulikwenda kwao ukauliza maharimu yuko wapi? Hukuuliza. Nitakuambia kwa nini: kila mwezi anatuma pesa, na pesa ile imeezeka bati juu ya kichwa cha baba na kaka. Binti akisafiri kuchuma kwa ajili yetu, fiqhi inalala. Akisafiri siku tatu kwa pesa yake ya keki kuona uumbaji wa Mola wake, fiqhi inaamka na rungu mkononi.

Dada zangu, neno lenu ni fupi. Usikope kwa ajili ya safari, hasa hiyo mikopo ya kwenye simu yenye riba. Umra wenyewe haukulazimu ikiwa huna uwezo, sembuse Istanbul. Usiandike "kesho nipo hoteli fulani chumba fulani". Picha ziweke ukisharudi, kwa usalama wako. Na kabla ya kutafuta wa kufuatana naye, muombe kwanza baba au kaka, umwombe kwa uwazi, mbele ya mama akisikia.

Wewe mwenye komenti, zile mbili bado zipo pale, nimeziona asubuhi hii. Kuzifuta hakutoshi, maana watu wameshazisoma. Rudi chini ya picha ile ile, mbele ya watu wale wale, uandike kwamba ulichodokeza huna ushahidi nacho, na umuombe radhi. Kisha umpigie simu dada yako. Likizo ya Desemba inakaribia, muulize anataka kwenda wapi.

Wabillahi tawfiq.