Ukifunga nyoka mu bido, joto yake ni deni yako

Bandugu wa kazi, na ninyi bamama mulio ku manyumba, leo sitasema juu ya mushahara. Nitasema juu ya nyoka.

Mwezi wa sita, mtoto wangu wa pili alirudi na bido ya litri tano, ameitoboa matundu. Ndani muko nyoka ya kahawia, ile inaingiaka mu manyumba usiku kutafuta panya. Mzee jirani akaiangalia, akasema: hii haina sumu. Mtoto akafurahi: "Papa, nitaichunga." Sikukataa. Hiyo ndiyo kosa yangu.

Kwetu ku Katanga, mwezi wa sita na wa saba, baridi ya usiku inauma. Batu ba poste ya usiku banaijua. Sisi tunajifunika. Nyoka haina moto ya mwili wake. Joto yake inatoka inje: jua, jiwe lililopata moto mchana, shimo ndani ya udongo. Ukiiweka mu bido chini ku sima, umeinyima yote hiyo.

Mtoto akaitupia panya. Wiki nzima, nyoka hapana kula. Akasema iko na kiburi. Si kiburi. Nyoka ikipoa, tumbo haisagi chakula. Hata ikimeza, nyama inaoza ndani na inaitapika. Tena nyoka ya pori, ikiona batoto banagonga bido kutwa, inaogopa, na yenye woga haikulake. Panya mzima naye anaweza kuiuma.

Basi mtoto akatafuta joto. Usiku moja nilitoka ku kazi mapema, nikakuta mbabula ya makala inawaka mu chumba cha batoto, mlango na dirisha vimefungwa, bido iko pembeni. Mdogo wake analia kichwa kinauma. Niliwatoa wote inje mbio. Sisi ba mugodi tunajua gesi isiyo na harufu. Gesi ya makala ni ya namna ile: muntu analala, haamuki tena.

Mwenye kutaka kuchunga nyoka vizuri, kazi ni hii: sanduku yenye kufunga vizuri na matundu ya hewa; upande moja joto ya degre 28 mpaka 30, upande mwingine chini kidogo, ijichagulie; pahali pa kujificha; maji safi; panya asiyepita unene wa mwili wake; kisha kuiacha kimya siku mbili. Joto hiyo inaomba courant usiku na mchana. Nani kati yetu iko na courant isiyokatika?

Ku sendika tunaambia wakubwa kila siku: ukimushusha muntu chini, hewa yake ni deni yako. Usimwambie avumilie. Basi tusifanye ku nyumba kile tunakataa ku kazi. Anayefunga kiumbe, chakula na joto yake ni juu yake. Kama hawezi kulipa, asifunge.

Kesho yake, saa sita ya mchana, jua kali, tulirudisha nyoka pale mtoto aliikamata, ku mawe nyuma ya kalalo. Ilikaa kidogo juu ya jiwe, kisha ikaingia mu shimo. Mtoto alilia. Nikamuambia: inje inakula panya, na bunga yetu inapona, bila kuomba mushahara.

Wazazi, muambie batoto: nyoka haishikwe. Rangi inadanganya, kobra na vipère ziko hapa, na dawa ya sumu iko mbali. Nyoka ikiingia, toa batoto, fungua mlango, ita muntu mwenye kuijua. Na mbabula, haikose kubakia inje.