Utenzi Usikizwe Kabla ya Kuhesabiwa

Imekuwa ada katika madarasa yetu ya fasihi, Kenya na Tanzania pia, kwamba mwanafunzi akipewa utenzi huanza kwa kuhesabu mizani na kutaja vina, akisha hupiga mstari, na chini ya mstari huo akawapanga wahusika pamoja na sifa zao: huyu shujaa, yule msaliti, na yule mwenye hila. Kazi hizo mbili husahihishwa mbalimbali na kupewa alama mbalimbali, wala hapana amwulizaye kijana sauti zile zina nasaba gani na watu wale. Kusoma hivyo, kwa rai yangu, ni kupima kanzu pasipo kumtazama aivaaye.

Natwaa mfano wa Utendi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Kijuma hakuwa mtunzi tu. Alikuwa mwandishi wa hati nzuri, mchongaji wa mbao na mpigaji wa kinanda, na kwa hiyo si ajabu kwamba katika kisa alichokisimulia sauti haiji kwa pambo, bali hutenda. Umbo lake ni la tenzi nyingi za pwani: ubeti wa vipande vinne, kila kipande mizani nane, vitatu vya kwanza vikikubaliana kwa kina kimoja, na cha nne kikirejea kwenye bahari ya utungo mzima. Bahari hiyo ni -ya, na katika Kiamu silabi hiyo huangukia vitenzi kwa wepesi mkubwa; basi aghalabu ubeti hufunga kwa tendo, na msikilizaji akawa amemjua mtu kwa alilolifanya kabla hajaambiwa sifa yake.

Tazama sasa Liyongo yumo kifungoni kwa amri ya Sultani wa Pate, na walinzi humnyang'anya kila chakula kizuri aletewacho. Shujaa huyu, ambaye nguvu zake husifiwa tangu mwanzo, hapati faida yoyote kwa nguvu hizo, bali huimba. Katika wimbo humwagiza kijakazi Saada akamwambie mama yake Liyongo aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi husikia maneno yale yale, walakini hawayafahamu, ilhali Saada huyafahamu, huyahifadhi na kuyafikisha. Vitabu vya mitihani humwita Saada mhusika mdogo, nami nasema hapana katika utendi ule sikio kubwa kuliko lake; na lau ujumbe ule usingalikuwa na vina na mizani, sijui angaliubebaje hadi kwa bibi yake pasipo kupungua. Hapo kina na mhusika wamekuwa jambo moja.

Kisha huja ombi la mwisho la mtu aliyehukumiwa kufa: apigiwe ngoma ya gungu. Mji hukusanyika, ngoma na matoazi hulia, na chini ya kishindo hicho Liyongo huikata minyororo kwa tupa, hata asisikike. Waliokuja kumburudisha adui yao kabla ya kumwua ndio waliomfungua, kwa mikono yao wenyewe.

Walakini mauti yake huja kwa njia nyingine kabisa. Mwanawe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa Sultani, huipata siri ya kitu kiwezacho kumwua kwa mazungumzo ya faragha, naye humchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Hapana ngoma wala wimbo. Na Liyongo, akiisha kupiga goti kisimani na upinde wake mkononi, huutisha mji kwa kunyamaza: watu hawathubutu kuteka maji, mama mtu huja kumbembeleza asijibiwe, mpaka mwili uangukapo ndipo wajuapo kwamba yule waliyemwogopa alikwisha kufa. Mwanafunzi asiyesikia tofauti ya kelele ile na kimya hiki atamwandika mwana kuwa "msaliti" na kupata alama zake, bila kuuonja usaliti wenyewe.

Nawasihi basi walimu: kabla ya swali la kwanza kuandikwa ubaoni, utenzi ughaniwe darasani kwa lahani yake, na akikosekana mwalimu mwenye sauti, aalikwe mzee au bibi wa mtaani anayejua kughani, kwani hao wangalipo Lamu, Mombasa na Unguja. Na watungao mitihani waache kuligawa swali mafungu mawili. Wamwulize mtahiniwa ni nani anayeimba, ni nani anayesikia, na ni nani asiyefahamu.